Mazoezi ya Kitini Kwenye Posa ya Idrisa

Jamani, nitasimulia, lakini mtu asinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu aibu hii ni ya mtu mzima, na aibu ya mtu mzima haina pa kujificha. Mpaka leo nikishuka kwenye gari kule Misungwi kuna watoto wa nyumba moja ambao wakiniona tu wanavuta vigoda vyao, wanakaa wamejipanga mstari, halafu wanaanza kuinua visigino, juu, chini, juu, chini, huku wamekaza nyuso kama wanaosubiri majibu ya maabara, na mama zao badala ya kuwakaripia wanageukia ukutani mabega yakiwatikisika. Wananiiga mimi. Mimi Sefu, muuza spea za pikipiki wa Mkuyuni, baba wa watu, mshenga ambaye zamani mtu akitaka kuoa alianza kunitafuta mimi kabla hajamtafuta mchumba.

Kisa chote kilianzia tumboni. Kazi yangu ni ya kukaa, nafungua duka, napanda kwenye stuli yangu ndefu nyuma ya kaunta, na bidhaa zote nimezipanga pale mkono unapofika, plagi huku, cheni kule, taa za indiketa juu ya kichwa (huo mpango niliuona ujanja mkubwa, kumbe nilikuwa najimaliza mwenyewe), mteja anakuja, nanyoosha mkono, anaondoka. Chai inanijia kwa miguu yake yenyewe. Chakula vilevile. Basi magoti yakaanza kulalamika, nikaenda zahanati, na daktari, kijana mdogo tu, akayabonyeza magoti, akayaacha, akanitazama tumbo kwa muda, akasema, "Mzee wangu, magoti haya ni mazima kabisa. Yamechoka tu na mzigo."

Mke wangu, Mama Zuhura, tulikuwa naye pale. Yeye ni mtu wa kushika neno. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri nikamsikia anafunga raba, na kumbe ameshajiunga na kina mama wa mtaani wanaopanda mlima wetu wa mawe kwa miguu, wanashuka upande wa pili mpaka barabara ya ziwani, wanarudi wanatiririka jasho na umbeya mpya wa mji mzima. Akaniambia twende wote. Nikamwambia magoti. Akasema daktari kasema magoti ni mazima. Nikamwambia daktari mwenyewe mtoto.

Ila moyoni nilijua kwamba lazima nifanye kitu, na hapo ndipo nilipokutana na yule kijana wa kwenye simu. Kijana kifua wazi, tumbo limegawanyika kama mkate wa kukata, amekaa kwenye kiti cha kawaida kabisa cha kulia chakula, anasema unaweza kuchoma kalori zako zote ukiwa umekaa: unainua visigino na kuvishusha, unabana magoti unahesabu pumzi, unanyoosha miguu yote miwili mbele unaishikilia hewani, unapiga ngumi, unavuta makasia yasiyoonekana. Umekaa! Nilimpenda yule kijana kuliko nilivyowahi kumpenda mwalimu yeyote. Nikaita familia sebuleni, nikawaonyesha.

"Hapo anayefanya mazoezi ni kiti," akasema Mama Zuhura.

"Kiti kinafanyaje mazoezi?"

"Si ndicho kilichokubeba? Ukisimama unabeba mwili wako mwenyewe, miguu inajua leo kuna kazi. Ukikaa, mwili anaubeba mwingine. Sasa kati yako na kiti chako, nani atapungua?"

Nikamuuliza, je, hao wapiga makasia kule ziwani Mwaloni wamesimama au wamekaa? Na je, amewahi kumwona mpiga makasia mwenye kitambi? (Hoja hiyo niliiandaa dukani tangu asubuhi, nilijua hawezi kuijibu.)

"Wale wanavuta maji, Baba Zuhura. Wewe unavuta nini?"

"Navuta hewa."

"Basi utachoma hewa."

Tukabishana mpaka chai ikapoa, yeye upande wa kusimama, mimi upande wa kukaa, na mwisho tukawekeana nadhiri. Kabatini tuna nguo zetu za harusi, gauni lake na koti langu, ambazo kwa miaka mingi tunazitoa tu kuzianika jua. Siku Idrisa wetu atakapooa kila mtu atavaa ya kwake. Atakayefunga vifungo ndiye aliyeshinda, na aliyeshindwa atafuata mazoezi ya mwenzake bila kununa. Tukapeana mikono kabisa.

Sasa Idrisa. Idrisa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Rukia, na tangu baba yake afariki kalelewa kwangu, na sasa ni fundi pikipiki, karakana yake imepakana na duka langu. Kijana mpole, mikono ina grisi lakini ulimi msafi. Alimpenda msichana anaitwa Kabula, mwalimu wa shule ya msingi kule Buswelu, na Kabula alimpenda, hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Lubinza wa Misungwi, mkulima na mfugaji, Mwislamu mwenzetu lakini Msukuma ambaye hajaacha mila hata moja, na ambaye tayari kuna ukoo mwingine ulishabisha hodi kwake kumtaka Kabula huyohuyo. Alituletea neno kwamba hawa wa Mkuyuni nitawasikiliza mara moja tu. Wakiniridhisha, vema. Wasiponiridhisha, nawapa hao wengine. Dada Rukia aliposikia "mara moja tu" alinishika mkono akasema, "Kaka, mtoto huyu hana baba. Ana wewe." Nikamwambia alale usingizi, posa ndiyo kazi yangu.

Na kweli nilikuwa na utaratibu wangu. Ndani ya gari, tukiwa tunaelekea Misungwi, mimi mbele na kanzu na koti, nyuma Mama Zuhura, dada Rukia, majirani zetu wawili na Idrisa mwenyewe akiwa kimya kama maji ya mtungini, niligeuka nikawapa amri yangu ya siku zote. Posa iliyotangulia, ya jirani mmoja, ilikuwa imeharibika kwa sababu nilisimama kama nataka kuondoka (ni mbinu hiyo, unasimama ili wenzako walegee), shangazi wa bwana harusi akabaki amekaa anabembeleza, mbinu yote ikafa. Kwa hiyo nikasema, "Nikikaa, kaeni. Nikisimama, simameni. Nikitoka, tokeni. Hakuna kuuliza, hakuna kugeuka nyuma, hata kama mtu moyo unamuuma. Tumeelewana?" Wakasema tumeelewana. Nikamrudia Idrisa peke yake, "Wewe hasa." Akasema, "Ndiyo, mjomba."

Tulipokelewa vizuri sana. "Mwangaluka," wakatusalimu, tukaitikia kwa Kisukuma chetu cha mjini, shikamoo zikapigwa zikaitikiwa, wanawake wakakaa upande wa mkeka, wanaume kwenye viti, Idrisa karibu na mlango kama inavyompasa. Mimi nikapewa kiti cha mbao cha mbele, uso kwa uso na Mzee Lubinza, mzee mrefu mkavu ambaye ukimtazama unajua hajawahi kuwaza habari za kalori maishani mwake. Akasafisha koo.

"Mshenga, karibu. Hapa kwetu mambo ni mepesi. Tutaongea, na tukikuona wa kweli, binti mwenyewe atakuletea maziwa. Ukinywa umekaa, tumekubaliana. Ukisimama kabla ya kunywa, umekataa wewe, na sisi hatumfuati mtu barabarani. Hakuna kinyongo. Umenisikia?"

"Nimekusikia mzee wangu."

Nimemsikia! Sikusingizia usingizi, sikusingizia lugha. Mtu aliniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, nikatikisa kichwa.

Mazungumzo yakaanza, na mazungumzo ya Mzee Lubinza hayana haraka. Alianza na babu yake, akaja kwenye ukame, akaingia kwenye ng'ombe mmoja aliyeitwa Mabala ambaye tabia zake zilichukua muda mrefu kueleza. Mimi nikaitikia kila inapobidi. Na hapo, jamani, ndipo shetani alipokaa na mimi kiti kimoja. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile kwa haraka ya safari sikufanya mazoezi yangu, wakati Mama Zuhura alishapanda mlima akashuka kabla hatujaondoka, na nilimwona kwenye mkeka kule amekaa na kiuno kimeanza kurudi kama zamani (hilo lilinifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja). Nikajiambia, Sefu, umekaa hapa na utaendelea kukaa mpaka Mabala azae, na muda wote huu unapotea bure. Kanzu imefunika miguu mpaka chini. Nani atajua?

Nikaanza na visigino. Juu, chini. Polepole, kiungwana. Usoni namtazama mzee, natikisa kichwa kwa huzuni ukame ukitajwa, huku chini kazi inaendelea. Ikawa tamu! Nikaongeza kubana magoti. Mzee akasema, "Mshenga naona unasikiliza kwa uchungu," maana nilikuwa nimeanza kutokwa jasho, nikajibu, "Mzee wangu, maneno yako ni mazito." Mama Zuhura akanitupia jicho kutoka kwenye mkeka. Ameishi na mimi miaka, anajua kanzu inavyotulia na inavyotikisika. Akakunja uso, akatikisa kichwa kidogo sana, maana yake acha. Nikajifanya naangalia kalenda ya ukutani.

Kama ningeacha pale, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini yule kijana wa kwenye simu alisema zoezi la mwisho ndilo linalochoma hasa: unanyoosha miguu yote miwili, vidole vya mguu unavikunja kukuelekea, unaishikilia hewani mpaka ihisi moto. Na wakati huohuo Mzee Lubinza akamaliza, akavuta pumzi, akasema, "Basi, mimi nimewaona. Nimewaona ni watu." Akaita, "Kabula! Lete maziwa."

Nikaona kuanzia binti aitwe mpaka afike, zoezi moja linaingia. Macho ya wote yakageukia pazia, nikainua miguu.

Kabula akatoka nyuma ya pazia na bakuli la mtindi mikononi, amevaa kitenge na mtandio, macho kwenye bakuli, taratibu asimwage, dada Rukia ameshaanza kulia machozi ya furaha. Akapiga magoti mbele yangu, bakuli akaliinua kwa mikono miwili. Nikatabasamu, nikaanza kushusha miguu ili nipokee.

Shavu la mguu wa kulia likakaza. Kama hujawahi kukazwa msuli huwezi kuelewa, ni kama mtu amekuwekea jiwe ndani ya nyama halafu analizungusha. Sikufikiri. Hakuna mtu anayefikiri. Nilitoa ukelele ambao siwezi kuuandika, nikaruka wima.

Nikasimama. Kabla ya maziwa.

Na nyuma yangu nikasikia vishindo vya watu wanaonyanyuka, mmoja baada ya mwingine, majirani, dada Rukia, Idrisa, wote wima kama nilivyowafundisha. Nikataka kuwaambia kaeni, lakini mdomo ulikuwa umebanwa na maumivu, na mguu ule ulinitaka nitembee, ukikazwa lazima utembee, nikachechemea kwenda mlangoni ili nikaukanyagie nje, na kumbe hiyo ndiyo amri ya pili. Nikitoka, tokeni. Wakatoka! Kimya, vichwa juu, hakuna kuuliza, hakuna kugeuka nyuma. Dada Rukia alikuwa anatembea huku analia, lakini anatembea. Sijawahi kutiiwa namna ile maishani, hata na watoto wangu wa kuwazaa.

Uani nikaruka na mguu mmoja nikashika ukuta wa jiko. Idrisa akanifikia. Aliambiwa asiulize, na aliuliza.

"Mjomba, nimekosa nini?"

Jamani. Maumivu ya mguu yaliondoka kwa sekunde ile nikasikia mengine kifuani. Mtoto alidhani nimemwona na kasoro, nimemkataa yeye mbele ya mchumba wake. Nikamwambia, "Hujakosa, baba, ni mguu," lakini ilitoka "ni muuuu," akazidi kuchanganyikiwa, na majirani nao walishafika kwenye gari, dereva ameshawasha, maana dereva pia alikuwepo nilipotoa amri.

Mama Zuhura ndiye pekee aliyeelewa. Hakusema neno, alinisukuma nikakaa chini kwenye vumbi, na kanzu nyeupe na kila kitu, akanivua kiatu, akaushika mguu akaunyoosha juu na kunikunjia vidole nyuma kwa nguvu zote. Na hivyo ndivyo Mzee Lubinza alivyotukuta alipotoka na watu wake kuangalia jinsi watu wa mjini wanavyokataa posa: mshenga amelala chali mbele ya jiko, mguu mmoja angani, kanzu imeshuka mpaka gotini, soksi imetoboka (ndiyo, ilikuwa imetoboka), mke wake anauvuta mguu kama anang'oa muhogo, kuku wamekusanyika wanatazama.

Mzee akasimama mbele yetu. Uso haukuwa na kicheko hata kidogo.

"Umesimama, mshenga," akasema.

"Mzee wangu, sijakataa. Nimekazwa na msuli."

"Mtu ukikaa umepumzika. Msuli unakukazaje umepumzika?"

Hapo palikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema ni uzee, ni baridi ya asubuhi, na mzee angeondoka na mashaka yake, na wale wengine wangepata binti. Nikamtazama Idrisa pale ukutani. Mficha uchi hazai. Nikasema, "Mzee, nilikuwa nafanya mazoezi. Chini ya kanzu. Wewe ukiongea."

Hata kuku waliacha kudonoa.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupunguza tumbo."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

Mzee akageukia Mama Zuhura. "Mama, huyu ni mume wako. Anasema kweli?"

"Anasema kweli, mzee," akasema Mama Zuhura, na bado ameshika mguu wangu. "Nilimwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lake limekaza tu, tushukuru."

Mzee akautazama mguu. Halafu akasema neno ambalo nikilikumbuka usiku nafunika uso na shuka: "Mimi sijawahi kuona mtu anafanya mazoezi amekaa. Turudi ndani. Ukae palepale, utuonyeshe. Nikiona ni kitu cha kweli, nitajua hukusimama kunitukana."

Tukarudi. Watu wakaitwa kutoka kwenye gari. Na tulipoingia sebuleni nilikuta kitu ambacho ndicho hasa kinachonifanya nisijute sana siku ile. Kabula alikuwa bado amepiga magoti mbele ya kile kiti. Bakuli bado liko mikononi, ameliinua vilevile, mikono imeanza kumtetemeka kwa uzito lakini hakuna tone lililodondoka kwenye sakafu. Shangazi zake walimwambia ainuke, posa imevunjika, akawajibu kwamba maziwa hayajakataliwa mpaka yarudi jikoni, na yeye harudi nayo. Idrisa alimwona. Alikaa pale chini mlangoni palepale alipokuwa, akainamisha kichwa, na nadhani alikuwa analia, mimi sikumtazama ili nimpe nafasi yake.

Basi nikakaa. Mzee akamwambia binti yake atue bakuli kidogo apumzike, binti akalitua mapajani na kulishikilia. Na mimi, mbele ya koo mbili, mbele ya wazee, kina mama, majirani waliosikia ukelele wakaja kuchungulia dirishani, na watoto waliojaa mlango mzima, nikainua kanzu mpaka chini ya magoti na kuonyesha mazoezi yote na jinsi kalori zinavyoungua. Visigino, juu, chini. Magoti, bana, achia. Ngumi. "Hizo ngumi humu ndani ulipiga?" akauliza mzee. Nikasema hapana, hizo niliziacha kwa heshima. Makasia nikayavuta. Miguu nikainyoosha mbele nusu tu maana niliogopa.

Mwanzo walivumilia. Wasukuma ni watu wenye adabu kwa mgeni, walivumilia mpaka kwenye makasia, halafu bibi mmoja kizee kwenye mkeka akauliza kwa sauti, "Na anakwenda wapi huyo?" na nyumba nzima ikapasuka. Mzee Lubinza alicheka mpaka akavua kofia. Alicheka kikohozi kikamshika, akapigwa mgongoni, akapona, akanitazama, akaanza tena. Na mimi, nitawaambia ukweli, baada ya muda nikacheka nao, na ile aibu ikawa nyepesi kidogo kwa sababu tulikuwa tumeibeba wengi.

"Kunywa maziwa, mshenga," akasema akijifuta macho. "Kunywa umekaa, na miguu yako tuione sote."

Kabula akaliinua bakuli. Nikanywa, miguu imetulia chini bila hata kidole kusogea, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Posa ikawa imepokelewa.

Ila mila ni mila. Mzee akasema kusimama kabla ya maziwa kuna faini yake, hata kama ni msuli. Wenzake wakakaa pembeni, wakanong'ona, wakarudi na hukumu. "Kwa kuwa ulitaka kusimama, basi simama. Kiti hutakigusa tena leo mpaka gari liwashwe." Na wakamaanisha! Mambo mengine yote ya siku ile niliyazungumza wima. Chakula kilipokuja, ugali na kuku wa kienyeji, wenzangu walikaa wakanawa wakala, mimi nimesimama, mtoto mmoja ameteuliwa kunishikia sahani, na kila nikimega tonge mzee ananiuliza, "Kalori zinaungua, mshenga?" Nikamjibu zinaungua mzee, na kwa kweli zilikuwa zinaungua, nilisikia miguu, mgongo, mpaka shingo, nikaanza kumwelewa Mama Zuhura kwa njia ambayo maneno yake hayakuweza kunifikisha. Tulipoaga, wakatufungashia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga.

Ndani ya gari nilijitupa kwenye kiti nikatoa pumzi ndefu. Watu walikuwa wanajizuia wasicheke kwa ajili ya heshima yangu, wamejaza hewa mashavuni, hadi Mama Zuhura akaniuliza kwa upole wote, "Baba Zuhura, za leo umechoma zaidi za kukaa au za kusimama?" Gari zima likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Idrisa, na kwa kicheko chake kile ningekubali kukazwa msuli wa mguu wa pili pia.

Matokeo ya nadhiri yetu mnayajua. Siku ya harusi Mama Zuhura alifunga gauni lake kifungo cha mwisho, akajigeuza mbele ya kioo, nikamtazama nikasahau kama nilikuwa natafuta soksi. Koti langu lilikubali mabega, likakataa tumbo. Nikavaa jingine. Tangu hapo kila asubuhi nafunga raba, na sitasema nafurahia kupanda yale mawe, ila nimegundua kwamba nilikuwa sijatembea bega kwa bega na mke wangu kwa miaka mingi bila haraka ya kwenda popote. Tukifika juu, ziwa linaonekana lote, ananingoja nipumue. Visigino bado nainua nikiwa dukani, kwenye stuli yangu, sikutupa elimu ya yule kijana yote. Nimechanganya.

Na pale ukumbini, watu wamejaa pande zote mbili, mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Posa hii nasikia ilikuwa na mshenga hodari. Yuko wapi? Asimame tumwone!" Nikabaki nimekaa. Nikapunga mkono kutoka kwenye kiti. Akasema hapana, simama mzee wetu. Watu wa Misungwi wakaanza kupiga meza, "Simama! Simama!" Basi nikasimama.

Nikasikia viti vinaburuzwa. Nikageuka. Upande wetu wote, Mama Zuhura mbele kabisa na mkoba wake kwapani, dada Rukia, majirani, mpaka dereva, wamesimama wima, kimya, vichwa juu, wameelekea mlangoni. Hata Idrisa, bwana harusi mzima, alikuwa amenyanyuka, na Kabula amemshika koti anamvuta chini huku anacheka hana pumzi. Na kutoka upande wa pili Mzee Lubinza akarusha kofia yake juu akapaza sauti, "Leteni maziwa haraka! Leteni maziwa, watu wanaondoka!"

Yakaletwa. Nikakaa, nikanywa. Na nimeapa mbele ya Mungu na mbele yenu: posa ya mtu mwingine nitakwenda nikiitwa, lakini nitakaa kama alivyokaa babu yangu, tumbo mbele, miguu chini, na sitainua hata kisigino kimoja mpaka bakuli liwe tupu.